Namna ya kupanga mwaka wako Kilifi kwa kufuata upepo na mvua

Kila anayenunua ploti huku kwetu huniuliza swali lile lile: "Kilifi mvua inanyesha mwezi gani?" Huwa simjibu mpaka aniambie ploti yake iko upande gani. Kaunti hii ina zaidi ya kilomita za mraba 12,000, na mtu wa Kikambala anaweza kuwa anahangaika na maji yaliyoingia jikoni siku ile ile ambayo mtu wa Bamba anasukuma punda kwenda kutafuta maji ya kunywa. Wote wawili ni Kilifi, na wote wawili watakuambia hali ya hewa imewachosha.

Mimi ni mkulima. Nyumbani kwetu ni Chonyi, kwenye minazi na maembe, na nimeolewa na mtu wa Bamba, kwa hiyo kila msimu nalima pande mbili kwa masharti mawili. Dada yangu naye yuko Watamu, mumewe ni mvuvi, na mambo ya bahari nitakayoyaeleza hapa ni yake. Haya ndiyo ninayowaambia wageni, kwa mpangilio ninaowaambia.

Jua ukanda wako kabla ya kununua jembe

Mvua ya mwaka hapa huanzia kama milimita 300 kwenye maeneo makavu kabisa ya ndani na kufika hadi 1,300 kwenye sehemu bora za ukanda wa pwani. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa mtu kupanda kwa kuambiwa na rafiki yake wa mji mwingine.

Ukikosa mtu wa kumuuliza, tazama miti. Mnazi hauna uongo. Ukiona shamba la minazi inayozaa vizuri bila kumwagiliwa, ujue uko kwenye mvua ya kutosha: Mtwapa, Takaungu, Chonyi, Jibana, Kaloleni, Rabai. Vilima vya Jibana na Kaloleni viko mbali kidogo na bahari lakini vinaikamata mvua inayoingia na upepo, ndiyo maana kule ni kijani kuliko sehemu nyingine zilizo karibu na maji. Minazi ikianza kupungua na mikorosho na mihogo ikachukua nafasi, mvua imeshaanza kupungua pia. Ukishapita Ganze kuelekea Bamba, minazi inakuaga kabisa. Unabaki na miiba, mibuyu na vichaka. Huo ndio uwanda wa Nyika, nao ni karibu theluthi mbili ya kaunti nzima. Watu wengi hawalijui hilo, kwa sababu picha zote za Kilifi zimepigwa ufukweni.

Kuelekea kaskazini pia mvua hupungua. Malindi bado ni nzuri, lakini ukivuka mto Sabaki, ukapita Mambrui na Gongoni mpaka Marereni, utakuta mashamba ya chumvi. Chumvi hukaushwa kwa jua na upepo, na hakuna mwekezaji angeyachimba mabwawa yale mahali penye mvua kama ya Kaloleni. Ukiuziwa shamba Marereni kwa maneno ya "hapa mahindi yanakubali sana", tazama yale mabwawa kwanza.

Kisha jifunze upepo

Kalenda inasema masika ni Machi, Aprili na Mei. Ni sawa, lakini mtu anayelima kwa kalenda peke yake atapanda mapema mwaka mmoja na kuchelewa mwaka unaofuata. Upepo ndio unaoleta mvua, kwa hiyo upepo ndio wa kufuatwa.

Simama ufukweni au popote penye uwazi, uso wako ukitazama mashariki inakotoka jua. Upepo ukikupiga shavu la kushoto, ni kaskazi. Ukikupiga shavu la kulia, ni kusi. Kama huna uwazi, funga kitambaa chepesi juu ya mti mrefu uliouchimbia uani, mbali na kuta za nyumba, na ukitazame kila asubuhi na kila alasiri.

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi. Ni upepo mkavu, bahari hutulia, na Januari na Februari ndiyo miezi yenye mvua kidogo kuliko yote. Kusi huanza Aprili na kuendelea hadi Septemba au Oktoba. Ni upepo wenye nguvu na unyevu wa bahari. Katikati yao kuna tanga mbili, wakati ambao kitambaa chako kitaning'inia kama hakina mwenyewe, asubuhi kimegeukia huku na jioni kule. Masika hutoka kwenye tanga mbili ya Machi na Aprili, na vuli hutoka kwenye tanga mbili ya Oktoba na Novemba. Ukiona kaskazi imekata, joto limekaa tu na usiku hakuna hata jani linalotikisika, mvua haiko mbali. Siku hizo ndizo za kumalizia kusafisha shamba, hazifai kuwa za kuanza.

Joto la Machi lina sababu yake. Kwa kuwa tuko nyuzi tatu na kitu kusini ya ikweta, jua hupita juu ya vichwa vyetu karibu na tarehe 12 Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba. Machi upepo umekufa na mawingu bado hayajajaa, basi mchana pwani hufika nyuzi 32 na usiku unabaki kwenye 25. Ndani, kule Ganze na Bamba, mchana wa 34 ni jambo la kawaida. Mgeni anayehamia mwezi huo hudhani amekosea kaunti. Avumilie kidogo, Julai atatafuta shuka.

Masika: usipande kwa mvua ya kwanza

Mvua ya kwanza ya Machi ina tabia ya kudanganya. Inanyesha usiku mmoja kwa vishindo, kila mtu anatoka na mbegu, halafu jua linawaka wiki mbili na miche yote inakauka. Mbegu ya mahindi ni ghali siku hizi, kwa hiyo Chonyi nafanya hivi: baada ya mvua nzito nachukua panga, nachimba shimo dogo mahali ambapo hapana kivuli, na kutazama ukuta wa shimo. Udongo ulioloa huwa mweusi zaidi na ukiufinya kiganjani unashikana. Chini yake kuna mstari ambapo rangi inabadilika na udongo unatiririka vidoleni. Mstari huo ukiwa umefika kina cha shibiri moja au zaidi kutoka juu, napanda siku hiyo hiyo. Ukiwa nusu ya shibiri, narudisha mbegu ndani. Jaribu sehemu tatu za shamba, maana mchanga wa juu ya kilima hunywa maji tofauti na mfinyanzi wa bondeni.

Bamba sheria ni nyingine. Kule siku za mvua ni chache na ukisubiri shibiri nzima msimu utakuwa umefika katikati. Wengi tunapanda udongo ukiwa mkavu, dalili zikishaonekana, na tunafukia mbegu ndani zaidi, sentimita 5 hadi 7, ili manyunyu yasiiamshe kabla ya mvua ya kweli. Mistari tunaipanua. Anayeweza kuchimba mashimo ya kukinga maji na kutia samadi kabla ya msimu, achimbe, hata kama ni robo ekari tu.

Mbegu nayo ifuate ukanda. Mbegu ya mahindi ya PH4 ilitengenezwa kwa ajili ya pwani na inafanya vizuri upande wa minazi. Upande mkavu tunatumia DH04 inayokomaa haraka, pamoja na pojo, kunde, mtama na mihogo. Kwa maoni yangu, mtu wa Bamba anayejaza shamba lote mahindi anacheza kamari. Mume wangu hapendi nikisema hivyo, kwa kuwa ugali wa mtama haumpendezi, lakini pojo ndiyo iliyotulipia karo miaka ambayo mahindi yalinyauka yakiwa na ndevu.

Mei ndio mwezi wa mvua kuliko yote pwani. Malindi hupata karibu robo ya mvua yake ya mwaka ndani ya mwezi huo mmoja. Sehemu kubwa ya mvua hiyo hushuka usiku wa manane na alfajiri, ikitoka baharini. Saa nne au saa tano asubuhi jua linaweza kutoka kana kwamba hakukuwa na kitu. Kwa hiyo kazi za nje za Mei panga za mchana, na usianike kitu ukaenda kulala. Palizi ya kwanza ifanyike mapema, kwani ukichelewa majani yatakuwa yamekushinda. Kagua pia mioyo ya mahindi kila siku chache; viwavijeshi huingia mche ukiwa mdogo, na utawajua kwa vinyesi vinavyofanana na unga wa mbao.

Anayeishi kando ya Sabaki ana kazi ya ziada: lazima asikilize mvua ya Nairobi na Machakos. Mto ule ni Athi uliobadilishwa jina njiani, na unaweza kufurika Magarini wakati kwenu kumekauka. Maji yakianza kuwa mekundu na kubeba magogo, hamisha mifugo na pampu siku hiyo hiyo. Hata mtu wa mjini inamhusu, kwa sababu visima vya Baricho vilivyo kando ya mto huo ndivyo vinavyolisha Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa. Mto ukichafuka sana, mfereji wa nyumbani kwako unaweza kukauka huku mvua inanyesha.

Tangi: fanya hesabu, usikisie

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita za mraba 60, mahali penye milimita 1,000 kwa mwaka, inapokea lita 60,000. Toa sehemu ya tano inayomwagika na kukauka, unabaki na 48,000. Paa lile lile mahali penye milimita 500 litakupa 24,000. Bado ni maji mengi, shida ni kwamba yanakuja kwa mkupuo.

Kwa hiyo ukubwa wa tangi haupimwi kwa mvua, unapimwa kwa ukame. Kiangazi kirefu ni kutoka Januari hadi masika yashike, tuseme siku 90. Watu 5 wanaotumia lita 20 kila mmoja kwa siku wanahitaji lita 9,000. Tangi la 10,000 lililojaa mwisho wa vuli litawavusha, kwa kubana kidogo. Mwenye mbuzi aongeze. Asiye na pesa za tangi la plastiki achimbe birika la saruji taratibu, sehemu kwa sehemu, miezi ya kiangazi wakati mafundi hawana kazi nyingi.

Gata zisafishwe kabla ya Machi na tena kabla ya Oktoba, na maji ya mvua ya kwanza yaachwe yaende zake. Yana vumbi na kinyesi cha ndege. Ukiwa karibu na bahari, chagua mabati mazuri tangu mwanzo, kwa kuwa upepo wa kusi unabeba chumvi na mabati hafifu hula kutu upesi. Paa la makuti lizibwe Februari. Fundi wa makuti ukimtafuta Aprili utaambiwa bei ya hasira, na hata hivyo hatakuja.

Kipupwe: miezi ya baridi yetu

Juni, Julai na Agosti watu wa bara wanacheka tukivaa sweta. Usiku hushuka hadi nyuzi 21 au 22, mchana ni 27 au 28. Kusi huvuma bila kupumzika na bahari inachafuka. Shemeji yangu miezi hiyo havuki mwamba. Anavua ndani, anashona nyavu na kupaka mashua, na samaki sokoni wanapanda bei. Ukija kutembea wakati huo ukitaka kuzama kutazama samaki, utaona maji ya mawimbi na mwani uliotupwa ufukweni. Njoo Januari au Februari. Ukija kutazama nyangumi, hapo sawa: hupita baharini kwetu kuanzia Julai hadi Septemba hivi. Na kwa mwezi wowote, uliza kwanza kama ni bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana karibu saa nne hadi tano asubuhi na hujaa sana alasiri, kwa tofauti inayokaribia mita 4. Anayetembea kwenye miamba aanze kurudi mapema.

Shambani, tatizo la kipupwe ni kukausha. Mahindi ya masika huvunwa Julai na Agosti, wakati mvua za mchoo zinapita pita, jua ni hafifu na asubuhi kuna umande. Mahindi yaliyowekwa ghalani na unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, na si jambo la kupuuza: mwaka 2004 watu 125 walikufa Kenya kwa kula mahindi ya namna hiyo, wengi wao Makueni na Kitui. Anika juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo, geuza mara kwa mara, na funika saa kumi jioni kabla hewa haijalowa.

Kupima ukavu hakuhitaji mashine. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia punje za mahindi mpaka robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga na utikise dakika mbili au tatu. Acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Ikianguka yote chini na kioo kikabaki safi, unaweza kufunga magunia. Chumvi iwe kavu kweli. Ya dukani iliyokaa wazi pwani hii imeshanyonya unyevu, kwa hiyo ianike juani kwanza au ikaange kidogo.

Kipupwe ndio pia wakati maembe na mikorosho inatoa maua. Umande na ubaridi huleta ukungu mweupe wa unga kwenye maua ya mkorosho, na ukiuona ukiwa umechelewa kupulizia dawa, mavuno ya Novemba yameshapungua. Pogoa matawi ya ndani mapema ili upepo upite.

Vuli, na namna ya kusoma utabiri

Oktoba hadi Desemba ni vuli. Ukanda wa minazi huitegemea kidogo. Masika ndio mhimili. Ukienda ndani, vuli inapata uzito zaidi, na huku Bamba mwaka ambao masika yamegoma, vuli ndiyo inayobakisha mbuzi hai.

Vuli hubadilika sana kufuatana na joto la Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu yakiwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia, mvua hufurika, kama 1997, 2019 na 2023. Ikigeuka kinyume, vuli inakauka, kama 2016 na 2022. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa masika karibu na mwisho wa Februari na wa vuli karibu na mwisho wa Agosti, na baadaye huja wa kaunti. Ule wa vuli nauamini zaidi, kwa sababu hali ya bahari hutoa dalili mapema. Masika ni magumu kutabirika kote Afrika Mashariki.

Unaposoma, usiishie kwenye "mvua juu ya wastani". Wastani wa wapi? Bamba, juu ya wastani bado ni mvua ndogo kwa mahindi yanayokomaa polepole. Tafuta mambo mawili: tarehe ya mvua kuanza na namna itakavyosambaa. Milimita 300 zikinyesha kwa siku nne ni mafuriko kisha njaa. Zikinyesha kwa wiki nane ni chakula. Halafu fuata utabiri wa siku saba msimu ukishaanza, huo ndio wa kuamulia siku ya kupanda na siku ya kuvuna. Vimbunga havitufikii kwa kawaida, tuko karibu mno na ikweta, lakini Hidaya wa Mei 2024 alipokuwa Tanzania mawimbi na upepo vilifika hadi huku. Tahadhari ya bahari ikitolewa, hata anayevua ndani ya mwamba apandishe mashua.

Mwisho wa vuli kuna uamuzi mmoja ambao watu wa Nyika huchelewa kuufanya. Novemba na Desemba mbuzi wana nyama, malisho yapo na wanunuzi wa sikukuu wanakuja mnadani Bamba. Hesabu majani uliyonayo na maji ya bwawa, kisha amua ni mbuzi wangapi wanaweza kufika Aprili wakiwa wamesimama. Waliozidi wauze kabla kaskazi haijashika. Mbuzi yule yule Februari atakuwa mbavu tupu, na mnunuzi atakutajia bei akitazama pembeni.